Ukimpima, Mzibe Masikio

Arnaudville, Louisiana
9 Januari

Dada Noémie,

Naandika kwa sababu kwenye simu mimi ni pumzi tu. Unaniuliza, "Zélie, bado upo?" nami natikisa kichwa kana kwamba unaniona. Na sasa simu yenyewe umeizima, tangu wale watu wasiokujua waanze kukuandikia habari za mapaja yako. Kwa hiyo karatasi inatufaa sote wawili.

Nyumbani hakuna jipya. Papa amejaza maji mashamba ya mpunga, kamba wa matope wameanza kutoka, anarudi na harufu yao mpaka kwenye nyusi. Shuleni nimepangiwa kusoma kwa sauti, asubuhi kwa Kifaransa, mchana kwa Kiingereza, na katika lugha zote mbili sauti yangu haifiki dawati la tatu. Mwalimu alisema, "Binti Ozenne, unaisomea kola ya shati lako?" Darasa likacheka. Mimi pia nilicheka, nafikiri.

Habari kubwa ni basi. Papa amekodi basi zima la watu wa parokia waje huko Alabama tarehe 14 Machi, siku ya mashindano ya kuwaaga mnaomaliza chuo. Amechapisha fulana zenye uso wako. Ursule, mama yako wa ubatizo, amechukua mbili: "Moja ya kuvaa, moja ya kuzikwa nayo." Na Papa hachoki. Bingwa wa boriti ya jimnastiki wa vyuo vyote vya Marekani, anasema, alianzia bandani kwangu, juu ya ubao nilioukata mwenyewe! Anamwambia hata mleta barua, ambaye ameshasikia.

Nina swali moja. Krismasi, lile pambo la kioo lilipovunjika jikoni, ulikanyaga kipande. Ukaendelea kutembea na bakuli la mchuzi mpaka mezani, unacheka, na nyuma yako kulikuwa na alama nyekundu za kisigino, za mguu wa kushoto tu. Nilizifuta kabla Mama hajageuka. Sikusema kitu. Unajua mimi sisemi.

Lakini hukuhisi?

Mdogo wako,
Zélie


Hallett, Alabama
21 Januari

Zélie, sha wangu,

Watu wengine huanza na maswali madogo madogo. Wewe unanyamaza mwaka mzima kisha unauliza hilo.

Sikuhisi. Haya, umejua.

Ilianza Septemba, nilipoanguka chali kutoka kwenye vyuma vya kuning'inia. Vidole kwanza, kisha unyayo. Si maumivu. Ingekuwa maumivu ningejua la kufanya, maumivu tumelelewa nayo. Ni ganzi. Mguu upo, nikiutazama nauona, lakini hauniletei habari yoyote.

Bi. Hollis, mtabibu wa timu, hutupima sote kila Jumatatu. Ananilaza kitandani, "Fumba macho, Bingwa," anapitisha pamba chini ya mguu, nami natakiwa kusema "hapo" kila ninapohisi. Hajui kwamba koti lake la nailoni linachakacha mkononi. Nasikia mkono ukisogea, nangoja kidogo, nasema "hapo." Sijakosea hata mara moja. Anasema mishipa yangu ni kama ya mtoto mchanga.

Juu ya boriti macho yanafanya kazi ya mguu. Inawezekana. Nimeshinda hivyo tangu msimu uanze.

Na siwezi kutoka sasa, nikueleze kwa nini. Wanapanda sita, alama tano bora zinahesabiwa, ile ya chini kabisa inatupwa. Mimi ni wa sita. Wenzangu wanapanda bila hofu kwa sababu mmoja akianguka, nipo mimi nyuma yao. Kuna Tatum, wa mwaka wa kwanza, tunakaa chumba kimoja. Ananiita Bibi. "Bibi, umemeza vidonge vyako? Bibi, tukushike mkono uvuke barabara?" Juzi alianguka. Akaja mpaka sikioni kwangu, akasema, "Nifutie, Bibi." Nikapanda, nikamfutia.

Msimu ukiisha nitawaambia madaktari wote watakaotaka kusikia. Bi. Hollis akijua leo, navuliwa nafasi yangu leo. Niahidi.

Na usidhani nalia huku. Mwaka jana waliponitangaza bingwa nilisimama pale na medali nikingoja kufurahi. Niliingoja ile furaha mpaka ndani ya basi. Kisha mtu akauliza nani anataka piza.

Noémie


Arnaudville
2 Februari

Dada,

Naahidi. Basi, limeandikwa.

Tulikutazama Ijumaa kwenye televisheni. Ukiwa juu ya boriti Papa hakai. Anasimama nyuma ya kiti cha Mama, anakunja vidole vya miguu ndani ya viatu, nimeviona viatu vikipanda na kushuka. Mama anajifunika uso kwa taulo ya jikoni. "Amemaliza? Alcide, amemaliza?" "Bado, mwanamke, niache nitazame!" Ulipotua bila kuyumba Papa alipiga ukelele, mbwa akaamua mwenyewe kutoka nje.

Lakini kabla ya kujizungusha juu ya boriti ulitazama chini. Kidogo sana. Wewe hutazami miguu yako. Uliponifundisha bandani uliniambia anayetazama mguu ameshaanguka. Mtangazaji hakuona, alisema umetulia kama maji ya bwawa. Papa hakuona. Mimi niliona, nikaendelea kula wali.

Nataka kukuambia kitu ambacho si kizuri. Uliponiandikia siri yako, nilifurahi. Niliwaza: watu wote wana fulana, mimi nina hili. Furaha ilikaa siku moja. Sasa hakuna kitu mahali pake. Naenda shule, narudi. Nikisoma kwa sauti naisikia sauti yangu kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Ganzi imebaki unyayoni? Au imepanda?

Zélie


Hallett
12 Februari

Zélie, sha,

Imefika kwenye shavu la mguu. Jumanne nilijimwagia kahawa ya moto, wenzangu ndio walioniambia. Tatum akasema, "Bibi, ulikufa lini? Mbona hukutualika mazishini?" Wakacheka, nami nikacheka.

Usiniulize tena habari ya mguu. Si hasira. Ukiuliza inanibidi niutazame.

Hilo la sauti ya chumba cha pili nalijua. Tangu nina miaka sita kuna mtu anayeniambia, "Usiwaze, fanya." Nimefanya. Papa akiwa ameshika saa, kisha makocha wa Lafayette, kisha hawa wa hapa. Sasa kimebaki kufanya tu. Nikiacha, sijui ni nani atakayeamka kitandani asubuhi yake. Hilo linanitisha kuliko mguu, kama huku ndiko kutishika.

Sasa sikiliza ombi. Siku ya kuwaaga, kila anayemaliza anakatiza ukumbi na watu wake, jina linatangazwa, watu elfu kumi na mbili wanasimama. Papa atakuwa kulia kwangu. Mama anasema atakuwa analia mno, hawezi kushika mtu, atafuata nyuma. Kushoto nakutaka wewe.

Najua. Elfu kumi na mbili. Lakini huhitaji kusema neno hata moja. Unishike tu mkono, kwa nguvu, maana zulia lile ni laini na mguu wangu haujui laini ni nini. Wengine wote watanishika kama mtu mzima wa afya. Ni wewe tu unayejua uzito wenyewe.

Noémie


Arnaudville
18 Februari, Jumatano ya Majivu

Kwa Bi. Hollis, mtabibu wa timu,

Hunijui. Mimi ni mdogo wake Noémie Ozenne. Barua hii niliiandika kwanza kwa Kifaransa ili niweze kuiandika, kisha nikaihamishia Kiingereza ili uweze kuisoma. Makosa yaliyomo ni yangu.

Jana ilikuwa Mardi Gras, sherehe ya mwisho kabla ya Kwaresima. Hapa kwetu wanaume huvaa vinyago, wakapanda farasi, wakazunguka nyumba kwa nyumba wakiomba kuku wa kupika. Watu wote walikuwa barabarani, mimi nilibaki. Nilivua kiatu nikatia mguu wa kushoto ndani ya sanduku la barafu la baba, analowekea kamba. Kwanza uliuma sana, kisha ukaacha kuuma, kisha haukuwepo.

Nikapanda kwenye boriti ambayo baba alimtengenezea dada bandani. Ni ubao wa mberoshi uliofunikwa zulia la zamani la kanisa, haufiki goti langu. Nilifumba macho nikapiga hatua. Nilikuwa na uhakika kabisa nimekanyaga katikati. Nilipofumbua, nusu ya mguu ilikuwa hewani. Sikuanguka. Nilisimama nikiutazama, ulikuwa kama mguu wa abiria aliyekaa jirani yangu.

Ile ya kwenu inafika kifuani kwangu, na dada yangu hujipindua juu yake, kichwa chini.

Sitaandika zaidi kwa sababu niliahidi. Naomba jambo moja tu. Ukimpima, mzibe masikio.

Kwa heshima,
Zélie Ozenne


Hallett
26 Februari

Zélie,

Jumatatu Bi. Hollis alikuja bila koti. Alinivisha vizibo vya masikio, vile vikubwa wanavyovaa wakata majani. Sikuuliza. Nilifumba macho nikangoja aanze. Nilingoja sana. Nilipofumbua nilimkuta ameketi, pamba iko mapajani mwake. Alikuwa amemaliza zamani. Analia.

Wamenipiga picha za mgongo. Pingili imetoka mahali pake, inabana mshipa wa fahamu. Upasuaji ni 24 Machi. Daktari alisema ningeanguka mara moja zaidi, mguu ungebaki hivi maisha yangu yote. Alisema kama anayesoma utabiri wa hali ya hewa, nami nilimsikiliza vivyo hivyo.

Nimevuliwa. Tatum ndiye wa sita sasa.

Kocha Brandvold anataka kunifanyia wema. Siku ya kuwaaga wataniweka wa kwanza kwenye boriti. Nitawapigia waamuzi saluti, nitaigusa, nitaondoka. Nitapata sifuri, na sifuri hiyo ndiyo itakayotupwa. Maana yake wale watano hawana wa kuwafutia. Mmoja akianguka, anguko lake linahesabiwa. Nilikataa. Wakapiga kura bila mimi. Tatum akasema, "Nyamaza, Bibi, wazee hawapigi kura."

Habari ya lile koti nilimwambia mtu mmoja duniani.

Usitembee nami. Papa anatosha.

Noémie


Arnaudville
5 Machi

Dada,

Nimeitafuta samahani ya kukuandikia, sijaipata. Nikiipata nitaituma.

Kocha alipompigia Papa simu, tulikuwa mezani tunamenya kamba, magazeti yametandazwa. Papa akarudi akakaa. Akasema, "Kuna mtu kapeleka maneno. Wivu huo! Wanaitaka nafasi yake. Nikimjua namtia sufuriani pamoja na hawa."

Nikasema, "Ni mimi."

Sauti ilitoka kubwa, Dada. Ingefika dawati la mwisho. Mama aliacha kutafuna. "Wewe?" Papa akaniuliza. "Wewe umesema?" Nikamwambia yote, mguu, kioo cha Krismasi, pamba. Alinisikiliza akiwa ameshika kamba mmoja. Kisha akaendelea kumenya. Alimenya mpaka rundo lake likaisha, mikia yote akaiweka kwenye sahani yangu, akanyanyuka akaenda bandani. Sijui ilikuwa adhabu au nini. Niliila yote. Haikuwa na ladha.

Kesho yake nilipita bandani. Boriti iko palepale. Ameiwekea magunia ya pumba juu, kama benchi.

Basi linakuja huko bado, hakuna aliyetaka kubaki. Kiti changu kimeandikwa jina. Nitakaa juu kabisa. Hutaniona.

Zélie


Arnaudville
17 Machi

Dada,

Ulisema nisitembee nawe. Hukusema nisije.

Nilikuwa safu ya mwisho, chini ya paa, karibu na mtu anayeuza karanga. Kutoka kule ninyi nyote mlikuwa wadogo kama vidole. Walipotangaza jina lako, Papa alikuwa kulia, amevaa tai aliyofungiwa na Mama, anatembea kama anayevuka shamba lenye maji. Kushoto kwako hapakuwa na mtu. Lakini mkono wako wa kushoto ulikuwa umekunjwa, kama umeshikwa. Nilikuwa mbali, sikuona vizuri.

Kisha saluti. Ulipoigusa boriti uliweka mikono yote miwili, ukakaa hivyo, kama Papa anavyoshika paji la ng'ombe mgonjwa. Ukumbi mzima ukanyamaza. Ursule, safu moja mbele yangu, akasema, na unaijua sauti yake, "Saa saba ndani ya basi, kuja kumwona akipapasa ubao! Ubao si anao kwao?" Mama, aliyekuwa amesharudi kutoka chini, akageuka, "Ursule, funga mdomo." "Nimefunga. Nauliza tu." Baadaye kidogo nilimwona anajifuta macho kwa fulana, kwa uso wako.

Yule wa nne alipoanguka, niliusikia mguu wake ukigonga ubao mpaka kule juu. Watu wote waliangalia mahali ulipokaa. Tatum alipanda wa mwisho, akafanya vizuri, vizuri sana, na haikutosha. Mmeshindwa kwa nukta ndogo ambayo hata ubao wa matokeo ulichelewa kuionyesha.

Ungekuwa wa sita, ungemfutia. Najua. Nimekaa na hilo safari nzima ya kurudi, karibu na dirisha, na fulana zote kwenye viti zinanitazama. Nilijiuliza kama ningeandika tena ile barua. Ningeiandika. Nilingoja kujisikia vibaya, au vizuri. Tukafika nyumbani.

Nilikuona ukimwambia kitu yule aliyeanguka, sikioni. Ulimwambia nini?

Zélie


Hospitali, Hallett
2 Aprili

Zélie,

Mkono ule wa kushoto ulikuwa umeshika maua.

Yule aliyeanguka anaitwa Greer. Nilimwambia, "Nimekufutia." Si kweli, naye alijua si kweli. Akaning'ang'ania shingoni, akalowesha vazi langu lote la mashindano, ambalo sitalivaa tena, kwa hiyo si neno.

Walinipasua kama walivyopanga. Tangu hapo daktari anakuja kila asubuhi na pini yake ndogo. "Fumba macho, useme ukihisi." Viatu vyake vinalia sakafuni, na anapumua kwa pua kila anapoinama. Ningeweza kumdanganya mpaka Pasaka. Mara ya kwanza nilifumba macho, kisha nikajiziba masikio mwenyewe, kwa viganja. Hakukuwa na kitu. Kesho yake pia hakuna. Nalala pale nimejiziba, sijui ameanza au amemaliza, na hakuna cha kufanya. Sijawahi kukaa mahali ambapo hakuna cha kufanya.

Tatum anakuja na supu mbaya ya kantini. "Kunywa, Bibi, usitufie kabla ya kuchukua shahada." Msimu wao umeisha wikendi iliyopita. Aliniambia akiwa ananikorogea supu, wala hakuinua macho.

Sijakusamehe. Nimejichunguza pia kama nimekukasirikia, sijaona hasira. Labda viko mahali vyote viwili, vitakuja au havitakuja. Sivingojei kama nilivyongoja ile furaha ya medali.

Leo asubuhi daktari alikuwa hajafika. Hapakuwa na mtu chumbani. Nilikuwa natazama dirishani, kuna fundi anapaka rangi nguzo ya taa, amepaka upande mmoja akaenda kunywa chai. Nikaona chumba kina baridi. Nikavuta shuka nikafunika mguu. Kisha nikakaa nikijiuliza kwa nini nimefunika ule, wa kushoto.

Nikaufunua tena. Ni kidole kidogo tu, cha mwisho. Kina baridi. Bado kina baridi ninavyoandika hapa, sijakifunika.

Papa anasema mnakuja Jumatatu ya Pasaka. Usibaki kwenye ujia ukihesabu vigae, nakujua. Niletee soksi, zile nene za Papa za shambani. Na ukiingia, kiti kiko upande wa kushoto.

Noémie